Pistoni, almasi au kubadilisha atomi: uibane vipi metali inayogeuka supakondakta?

Fuwele ya CeRhIn5, msombo wa seriamu, rodiamu na indiamu, ni ndogo kama punje ya mchele na inang'aa kama bati jipya. Ukiipoza hadi kelvini 3.8, atomi zake za seriamu hujipanga kama sumaku ndogondogo zinazopeana migongo, na usumaku huo ndio unaotawala. Ibane kwa takriban gigapaskali (GPa) 2.4, kisha uipoze tena. Usumaku umetoweka, na ikifika kelvini 2 na kidogo, ukinzani wa umeme unaporomoka hadi sifuri: imegeuka supakondakta. Fuwele ni ileile, hakuna atomi iliyoongezwa wala kuondolewa. Zimesogezwa tu karibu zaidi.

Kwamba shinikizo linaigusa hali ya supakondakta kumejulikana tangu 1925, wanafizikia Sizoo na Kamerlingh Onnes walipobana bati na indiamu kule Leiden, Uholanzi, wakaona halijoto ya mpito, yaani ile ambayo metali hugeuka supakondakta, ikishuka. Kinachomsumbua anayeanza kazi hii leo ni kuchagua njia. Kuna seli, yaani chombo cha kubania, ya pistoni, kuna seli ya almasi, na kuna njia ya kikemia ya kubadilisha atomi moja kwa nyingine ndogo ili fuwele ijibane yenyewe. Nimezitumia zote tatu na nina upande wangu: kwa misombo mingi ya metali, anza na pistoni. Nitaeleza kwa nini, na pia ni lini ushauri huo haufai.

Shinikizo linafanya nini ndani ya metali

Uchaguzi wa kifaa unategemea kile unachotarajia kitokee ndani ya sampuli, kwa hiyo tuanzie hapo. Katika supakondakta za kawaida, elektroni hushikana mbilimbili kwa msaada wa mitetemo ya kimiani cha fuwele, yaani mpangilio wa atomi zake, mitetemo inayoitwa fononi. Ukibana metali, atomi hukaribiana na vifungo vyake hukazika kama ngoma iliyowambwa upya. Mitetemo inakuwa ya kasi zaidi, na elektroni inayopita inashindwa kukivuta kimiani vya kutosha. Mshikano unalegea, halijoto ya mpito inashuka. Ndiyo maana risasi (metali ya Pb), ambayo hugeuka supakondakta kwenye kelvini 7.2, hupoteza takriban kelvini 0.37 kwa kila gigapaskali moja, yaani kwa kila shinikizo linalokaribia mara elfu kumi ya lile la hewa. MgB2, msombo wa magnesiamu na boroni, iliyotangazwa mwaka 2001 na kuwashangaza watu kwa kelvini zake 39, hupoteza takriban kelvini 1.1 kwa gigapaskali.

Usiifanye sheria, lakini. V3Si na Nb3Sn zina mpangilio mmoja wa atomi, ule unaoitwa A15, na halijoto zake za mpito ni jirani: takriban 17 na 18. Ukizibana, ya V3Si hupanda kidogo na ya Nb3Sn hushuka kidogo. Elektroni za misombo hii zimerundikana kwenye ukanda mwembamba wa nishati, hivyo kimiani kikisogea kidogo tu, idadi ya elektroni zilizo tayari kushikana inaweza kuongezeka au kupungua.

Kwenye misombo ya seriamu na ya uraniamu mambo yanabadilika zaidi. Hapo elektroni za ndani, zile za tabaka la f, ziko njiapanda: zibaki nyumbani kwenye atomi yake na kufanya usumaku, au zijichanganye na elektroni zinazotembea. Shinikizo huzisukuma kuelekea kutembea. Usumaku unazidi kudhoofika, na pale unapokaribia kufa ndipo supakondakta huchomoza. CeIn3 huonyesha hivyo karibu na GPa 2.5, CePd2Si2 karibu na GPa 2.8, na CrAs, ambayo haina seriamu kabisa, karibu na GPa 0.8. UGe2 ndiyo inayonivutia kuliko zote. Hiyo ni sumaku kamili, lakini kati ya takriban GPa 1.0 na 1.6 inakuwa supakondakta, chini ya kelvini 1, huku ikiendelea kuwa sumaku.

Zitazame tena namba hizo: 0.8, 1.0, 1.6, 2.4, 2.5, 2.8. Zote ziko chini ya gigapaskali 3, na gigapaskali 3 ndiyo dari ya seli nzuri ya pistoni.

Seli ya pistoni kwa karibu

Ni silinda nene, kwa kawaida ya aloi ya shaba na beriliamu, mara nyingi ikiwa na silinda ya pili ndani yake ya nikeli, kromi na alumini iliyo ngumu zaidi. Katikati kuna tundu la milimita 4 hadi 6. Sampuli yako, hata ikiwa na urefu wa milimita 2 au 3, inaingia bila shida. Unaifunga nyaya nne za dhahabu, nyembamba kuliko unywele, unaigandisha juu ya kizibo ambacho nyaya zimepitishwa na kuzibwa kwa epoksi, unaifunika kwa kikopo cha tefloni kilichojaa mafuta, na unaangalia kwenye mwanga kwamba hakuna kipovu hata kimoja. Kisha presi. Kwa tundu la milimita 5, GPa 2 ni nguvu ya karibu tani 4, na ukishaifikia unakaza nati ya juu ili shinikizo libaki ndani hata presi ikiondolewa.

Kando ya sampuli weka kipande cha risasi. Hili si la hiari. Mara ya kwanza nilipobana seli bila msimamizi, geji ya presi ilionyesha tani zilizolingana na GPa 2, nami nikaandika 2 kwenye daftari. Asubuhi, seli ikiwa imepoa, risasi iligeuka kwenye kelvini 6.6 badala ya 7.2. Hesabu ni rahisi: kelvini 0.6 zilizopotea, gawanya kwa 0.37, unapata takriban GPa 1.6. Sehemu ya nguvu ilikuwa imeliwa na msuguano wa pistoni, na sehemu nyingine ilipotea mafuta yaliposinyaa kwa baridi. Kwa mafuta ya Daphne 7373, baridi peke yake hula karibu GPa 0.2. Laiti nisingekuwa na ile risasi, mchoro wangu wote ungekuwa umehamishwa kulia na nisingejua.

Risasi ina faida ya pili ambayo wengi huisahau. Uangalie upana wa mpito wake, usiishie kwenye mahali unapotokea tu. Mpito ukianguka wima kama ukuta, shinikizo ni sawa kila mahali. Ukijivuta kama mteremko wa kelvini 0.04, ujue upande mmoja wa kipande kile umebanwa zaidi kuliko mwingine kwa karibu GPa 0.1.

Udhaifu wa pistoni ni wa wazi: dari yake, na uzito wake. Seli ya gramu mia kadhaa huchukua muda mrefu kupoa, na ukitaka kushuka chini ya kelvini 0.3, kama CeIn3 inavyodai, subira inapimwa kweli. Pia kila unapotaka shinikizo jipya unaitoa kwenye baridi, unaipasha hadi halijoto ya chumba, unabana, unarudi mwanzo. Pointi sita kwenye mchoro zinaweza kuwa wiki mbili za kazi.

Seli ya almasi kwa karibu

Almasi mbili zinatazamana ncha kwa ncha. Ncha hizo zimekatwa bapa, mara nyingi kati ya milimita 0.3 na 0.8, na kati yake kuna gasketi, yaani bati jembamba la chuma kisichoshika kutu au la reniamu lenye tundu katikati. Tundu hilo ndilo chumba chako. Wazo la kubana kati ya nyundo mbili ngumu lilitoka kwa Percy Bridgman, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1946, na almasi zikaingia mwishoni mwa miaka ya 1950 nchini Marekani.

Uzuri wake uko kwenye udogo. Kwa ncha ya milimita 0.3, GPa 20 zinahitaji nguvu isiyozidi sana uzito wa kilo 140. Unafika huko kwa kukaza skrubu kwa mkono, seli ikiwa imelala kwenye kiganja. Presi haihitajiki. Almasi pia hupitisha mwanga na mionzi ya eksirei, kwa hiyo unaweza kuona muundo wa fuwele palepale ulipobanwa. Hii ni faida kubwa kuliko inavyosikika. Halijoto ya mpito ikiruka ghafla, eksirei ndiyo itakayokuambia kama elektroni zimebadili tabia au atomi zimejipanga upya na una msombo wenye umbo jingine kabisa.

Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sampuli ya almasi ina upana wa milimita 0.1 na unene wa milimita 0.02. Linganisha na kipande cha milimita 1 kwa 1 kwa 3 ndani ya pistoni: ujazo umepungua mara elfu kumi na tano. Kwa kupima ukinzani bado unaweza, kwa sababu ukinzani haujali sana ujazo. Kwa kupima usumaku, yaani kuona sampuli ikiufukuza uga wa sumaku kama supakondakta halisi inavyofanya, ishara yako inazama ndani ya ishara ya seli yenyewe. Na kupima joto maalumu, kipimo kinachothibitisha kwamba sampuli nzima imegeuka na si ngozi yake tu, kunakuwa kazi ya wachache.

Ukitaka nyaya nne ndani ya tundu hilo, gasketi ya metali itazikutanisha zote mara moja. Kwa hiyo unaikwangua, unaipaka unga wa boroni naitraidi uliochanganywa na epoksi, unaubana ukauke, unatoboa tena. Sampuli unaisogeza chini ya hadubini kwa unywele wa kope uliogandishwa kwenye kijiti. Ukipumua vibaya imeruka. Hata baada ya hayo yote, waya mmoja ukikatika unapokaza skrubu, unaanza upya.

Shinikizo unalisoma kwa chembe ya yakuti nyekundu iliyowekwa kando ya sampuli. Ukiimulika kwa leza hung'aa kwa wimbi la karibu nanomita 694, na wimbi hilo hurefuka kwa nanomita 0.365 kwa kila gigapaskali. Njia hii imetumika tangu mwanzo wa miaka ya 1970 na ni ya haraka ajabu. Tahadhari moja: baridi nayo husogeza wimbi hilo, kuelekea upande wa kupungua, kwa nanomita 0.8 hadi 0.9 kati ya chumba na kelvini chache. Asiyesahihisha hilo anakosea kwa zaidi ya GPa 2, kosa linalokaribia jaribio zima la mtu wa pistoni.

Jambo linaloamua: je, shinikizo ni sawa pande zote?

Kama ningeruhusiwa kigezo kimoja tu, ningechukua hiki kabla ya dari ya shinikizo. Kioevu husukuma sawa kila upande. Kikiganda, husukuma upande mmoja zaidi ya mwingine, na fuwele za misombo hii nyingi ni za tabaka: kubana kwa kulalia na kubana kwa kusimama ni majaribio mawili tofauti.

Kisa cha CaFe2As2 ndicho ninachomsimulia kila anayeniuliza. Mwaka 2008 msombo huu ulipobanwa ndani ya seli ya pistoni yenye kioevu cha kawaida, ulionekana kuwa supakondakta karibu na kelvini 12 kwa chini ya gigapaskali moja. Watu walifurahi. Kisha ukabanwa kwa gesi ya heliamu, ambayo husukuma kwa usawa kuliko kitu chochote tulicho nacho, na supakondakta haikuonekana. Kioevu cha kwanza kilikuwa kimeganda kabla fuwele haijabadili umbo. Fuwele ilipotaka kusinyaa kwa mstari mmoja, iligota kwenye mafuta magumu, ikabaki imegawanyika vipande vya awamu tofauti vilivyosongamana. Supakondakta ilizaliwa na msongamano huo. Bila kulinganisha njia mbili, jibu lisilo sahihi lingebaki kwenye vitabu.

Kwa hiyo chagua pia kinachoijaza seli. Ndani ya pistoni, Daphne 7373 hubaki kioevu kwenye halijoto ya chumba hadi GPa 2.2 hivi, na 7474 hadi karibu GPa 3.7. Ndani ya almasi, mchanganyiko wa methanoli na ethanoli wa 4 kwa 1 hukufikisha karibu GPa 10. Heliamu huganda karibu na GPa 12, lakini ni laini mno hata ikiwa imeganda. Wanaojaza chumvi ya mezani, na wako wengi kwa sababu hushikilia nyaya vizuri, wakubali kwamba wanabana kwa mstari mmoja zaidi ya mingine, na waandike hivyo.

Kubadilisha atomi

Njia ya tatu haina seli. Badilisha atomi kubwa kwa ndogo ya familia moja, na kimiani kitasinyaa chenyewe. Weka kobalti mahali pa rodiamu kwenye CeRhIn5, unapata CeCoIn5, ambayo ni supakondakta kwenye kelvini 2.3 bila kubanwa na mtu, kana kwamba ni CeRhIn5 iliyokwisha kushindiliwa. Badilisha sehemu ya aseniki kwa fosforasi kwenye BaFe2As2, na unafika karibu kelvini 30.

Mvuto wake ni mkubwa. Sampuli iko wazi, unaweza kuipima kwa chombo chochote. Ila kuna gharama isiyoonekana. Ukibadilisha sehemu tu ya atomi, umemwaga vurugu ndani ya fuwele, na supakondakta za seriamu hazivumilii vurugu. Asilimia chache za lanthanamu mahali pa seriamu kwenye CeCoIn5 zinatosha kuishusha halijoto ya mpito waziwazi. CePd2Si2 inataka fuwele safi sana hata kabla hujaigusa. Halafu atomi ngeni haileti ukubwa wake peke yake, huleta na elektroni zake. Matokeo yakibadilika, hujui umshukuru nani.

Pale njia hii inapong'ara ni ikishirikiana na shinikizo halisi. Mwishoni mwa 1986 kundi la mwanafizikia Paul Chu lilibana oksidi ya lanthanamu, bariamu na shaba, likaona mpito ukipanda hadi kupita kelvini 50. Oksidi si msombo wa metali, najua, lakini somo ni letu pia: shinikizo lilionyesha njia, ndipo wakaweka itriamu, atomi ndogo, mahali pa lanthanamu. Mwaka 1987 wakawa na kelvini 93.

Basi uchukue ipi?

Kama msombo wako una seriamu au uraniamu na usumaku unaoisha chini ya kelvini 10, chukua pistoni, tena bila kusita. Utakuwa na sampuli kubwa, shinikizo safi, na nafasi ya kupima zaidi ya ukinzani.

Kama unatafuta mteremko wa mwanzo tu, yaani kelvini ngapi kwa gigapaskali, kwenye msombo kama MgB2, hata pistoni ni zaidi ya unachohitaji. Seli ya gesi ya heliamu, isiyopita sana GPa 1, itakupa namba safi kuliko zote. Ripoti za mwanzo za MgB2 zilitofautiana sana kati ya maabara na maabara, na vijazio vigumu vilichangia.

Kama habari inaanzia juu zaidi, huna budi kuhama. FeSe hupanda kutoka kelvini 8 hadi karibu 37 inapokaribia GPa 9, na MnP huwa supakondakta, karibu na kelvini 1, inapofika GPa 8 hivi. Kwa eneo hilo, kabla ya kukimbilia almasi, uliza kama kuna seli ya nyundo sita za kabaidi ya tangsteni. Inafika GPa 8, sampuli yake ni kubwa kuliko ya almasi, na kubanwa kutoka pande sita hupunguza sana tatizo la mstari mmoja. Ni kubwa na haipatikani kila mahali, lakini MnP ilifunguka ndani ya seli ya aina hiyo.

Almasi ichukue unapohitaji makumi au mamia ya gigapaskali, au eksirei palepale. Aloi ya niobiamu na titani, ileile ya koili za sumaku za hospitali, imebanwa hadi GPa 261 ikabaki supakondakta njia nzima, mpito ukipanda kutoka kelvini 9.6 hadi karibu 19. Hakuna pistoni duniani ingeuliza swali hilo. Habari za H3S, msombo wa hidrojeni na salfa, na kelvini zake 203, zilizotoka 2015 kwa shinikizo la karibu GPa 150, zimewavuta vijana wengi kwenye almasi, na ninafurahi kwamba zimewavuta. Ila nimeona fuwele nzuri za seriamu zikisagwa kuwa vumbi la milimita 0.1 ili kupimwa kwa GPa 2 ndani ya almasi, na ukinzani uliopatikana haukufika hata sifuri. Fuwele hizo zilichukua wiki kadhaa kukuzwa, na zingetosha kabisa kwenye tundu la milimita 5, zikiwa nzima, pamoja na kipande cha risasi pembeni.